Majina Ishirini ya Kibua

Juu ya mlango wa chumba changu kule Kibua kulikuwa na neno moja la Kifaransa kwa rangi nyekundu: PSYCHOLOGUE, yaani mwanasaikolojia. Kwa wiki tatu za kwanza hakuna aliyevuka kizingiti kile ila kuku mmoja wa kahawia. Alikuja kila asubuhi, akazunguka chini ya kiti cha wagonjwa, akatafuta mchwa, kisha akaondoka bila kueleza shida yake. Nilimzoea. Ukiwa umesoma miaka mitano ili uwasikilize watu, hata kuku anayekaa nawe dakika kumi si haba.

Sababu ya watu kutokuja haikuwa siri. Kibua ni kijiji cha Walikale, kando ya barabara inayotoka Masisi. Nyumba zinatazamana, na anayepiga chafya upande huu wa barabara huombewa afya na upande wa pili. Kituo cha afya kilikuwa na milango mitatu: wa muuguzi, wa mkunga, na wangu. Ukiingia wa kwanza una malaria, ukiingia wa pili una mimba, ukiingia wa tatu una wazimu. Kabla jua halijazama kijiji kizima kingejua umeingia wapi.

Vijana huniuliza mara kwa mara mtu akisomea saikolojia atafika wapi. Mimi nilifika Kibua, na njia yenyewe haikuwa fupi.

Nilizaliwa upande wa Burungu, Masisi, kwa watu wanaolima viazi na maharage kwenye mteremko ambao mgeni hawezi hata kusimama. Nilipomaliza chuo kikuu baba aliita majirani. Mmoja wao alinionyesha goti lake. Nikamweleza kwamba sikusomea magoti. Akafungua kinywa akanionyesha jino. Baba aliwatazama wageni, akanitazama mimi, akanitetea kadiri alivyoweza.

"Huyu anasomea vichwa," alisema.

Jirani akafikiri kidogo, akasema kichwa chake hakina tatizo, akarudi kwenye pombe yake.

Kwa miaka kumi na mitano nilikuwa mwalimu wa sekondari. Saikolojia haikuwa kwenye ratiba, kwa hiyo nilifundisha Kifaransa, uraia na, kwa muhula mmoja mbaya, maisha ya vyura. Baadaye shule ikaniteua kuwa mshauri wa wanafunzi, yule anayewaambia wa darasa la mwisho wachague kitivo gani ili wapate kazi. Nilishauri kwa uhakika mkubwa. Nilichora ubaoni mishale inayotoka kwenye vitivo ikielekea kwenye ofisi. Siku moja msichana mmoja aliinua mkono, akauliza kwa adabu yote, "Na weye Papa, nani alikushauri?" Darasa likacheka. Mimi pia nilicheka, ila nilichelewa kidogo.

Ukweli ambao sikuuchora ubaoni ni kwamba kwetu mwajiri mkubwa wa watu wa saikolojia ni vita. Kijiji kikichomwa na watu wakikimbia, mashirika hutangaza nafasi: mwanasaikolojia mmoja, miezi mitatu, awe tayari kuishi mazingira magumu. Kukitulia, nafasi hufungwa. Nakumbuka siku moja nilikuwa Sake, nikaona akina mama wanaingia kutoka milimani, magodoro kichwani, watoto mgongoni, mbuzi mmoja amefungwa kwa kitambaa cha kanisani. Kabla huruma haijanifikia, nilikuwa tayari nimewaza: sasa wataajiri. Niligundua wazo hilo likiwa limeshapita. Miaka mitano ya chuo ilinifundisha hasa jambo hilo, kujigundua kwa kuchelewa.

Na kweli waliajiri. Nilipanda pikipiki kutoka Goma, nikapita Mubambiro na kambi yake ya askari, barua ya kazi ikiwa kifuani chini ya shati kama dawa ya kikohozi. Nilikuwa na miaka arobaini na sita, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza mtu kuniita kwa kazi niliyoisomea.

Masharti niliyapata kwa mratibu wa mradi, kijana mwenye heshima, aliyeongea nami kama mtu anavyoongea na mjomba aliyechelewa ibada. Kabla ya mwisho wa mwezi wa tatu wa mkataba nilitakiwa kuwa na kesi ishirini. Kila kesi iwe na jina kamili, umri, kijiji, shida, na saini au dole gumba. Nikizifikisha, mkataba ungeongezwa mwaka mzima, na ningehamishiwa kituo kipya karibu na Burungu. Kwetu. Mama yangu alikuwa bado yuko kule, ana miaka yake, anaongea zaidi na redio kuliko anavyoongea na watu. Nisipozifikisha, chumba kingefungwa nami ningerudi kwa vyura.

Aliyeniokoa na kuku alikuwa mkunga. Alinizidi kama miaka kumi kwa umri na mara mbili kwa sauti, na alikuwa amezalisha nusu ya kijiji, kwa hiyo nusu hiyo ilimwogopa. Wiki ya nne alisimama mlangoni pangu bila kuingia.

"Kaka," alisema, "hapa muntu hasemi shida yake wakimuangalia mu macho. Anasema wakati mikono yake iko na kazi. Toka mu hii nyumba ya wazimu, uende kumenya mihogo."

Nikaenda. Chini ya kijiji kuna kijito ambako wanawake humenya mihogo kabla ya kuiloweka. Nilipewa kisu na jiwe la kukalia. Mama mmoja alitazama maganda yangu kwa muda, akauliza kama kule chuo kikuu hata watu tulikuwa tukiwamenya hivyo, tukitupa nyama na kubakiza mti. Walicheka mpaka wengine wakaweka visu chini. Siku ya tatu walizoea kuniona. Siku ya sita walianza kusema.

Lakini hakuna aliyesema "mimi". Kibua shida haina mwenyewe. Mtu akitaka kutoa la moyoni, anaanza, "Kuna mama moja," macho yakiwa kwenye muhogo, kisha anaeleza yule mama mmoja alivyokimbia na watoto watatu akafika na wawili, na kwamba hadi leo akipika anachota unga wa watu wanne. Wengine wanaitikia, wanasema pole kwa huyo mama, muulize kama anasali, muulize kama analala. Msemaji anaahidi kwamba atamuuliza. Kesho yake anarudi na majibu. Hakuna aliyedanganywa na hakuna aliyeaibika. Mimi, niliyesoma namna za kumfanya mgonjwa aseme "mimi", nilinyamaza nikajifunza kusema, "Huyo mama, mwambieni hivi."

Wanaume walikuwa na kazi nyingine za mikono. Ndivyo nilivyompata yule ambaye kwa ajili yake naandika haya yote.

Alikuwa na nyumba ya mwisho kabla ya msitu. Alisuka migono ya kuvulia samaki, na alisuka vizuri kiasi kwamba nilikwenda kumwomba anifundishe, kwa kuwa kwenye mihogo nilikuwa nimeshindwa. Siku ya pili alianza, bila kuinua kichwa. Kuna mwanaume mmoja, alisema. Alichukuliwa na watu wa msituni, akapewa bunduki, akaitumia. Halafu asubuhi moja aliiegemeza kwenye mti kama mtu anayekwenda haja, akatembea siku nne hadi kwao. Watu wake wa zamani wakimpata watamuua, hilo analijua na amelizoea. Kilichomshinda ni sahani.

Nilimuuliza sahani gani.

Akasema kwa ukoo wa huyo mwanaume, aliyemwaga damu haingizi mkono kwenye sahani moja na watoto wake mpaka mjomba wake amwoshe mtoni. Anakula nyuma ya nyumba, peke yake. Ana watoto wawili. Yule mdogo anafikiri baba amemkasirikia, na kila jioni anakuja kona ya nyumba, anasimama na kumtazama akila.

Nyuma ya nyumba ile, juu ya jiwe, kulikuwa na sahani moja ya bati. Nilikuwa nimeiona nilipofika. Tuliendelea kusuka.

Tulifanya kazi naye wiki tano. Nasema kazi, lakini nilichofanya ni kukaa, na mara mbili kwenda kwa mjomba wake ng'ambo ya mto kumwambia kwamba kuna mwanaume mmoja yuko tayari. Katekista wa kijiji, ambaye kanisa lake halikubali kuoshwa kwa namna hiyo, alijua, akachagua kutojua. Mwishoni siku ikapangwa: Jumapili, baada ya misa, mjomba angevuka. Yule mwanaume alimwambia mkewe anunue samaki wa chumvi. Katika maisha yangu ya kazi sijawahi kuwa karibu hivyo na kumsaidia mtu.

Na mratibu alikuwa anakuja Ijumaa, siku mbili kabla.

Nilipanda kilima penye mtandao, nikampigia kwa furaha. Nilimwambia nina kesi ishirini. Nilimweleza kidogo juu ya mmoja, mpiganaji wa zamani, kesi nzuri sana. Alifurahi, kisha akauliza kama majina na saini vimekamilika, maana mkubwa wake hatakubali daftari lenye "mama fulani". Nikasema havijakamilika. Akasema kwa upole kwamba kituo cha Burungu kilikuwa na waombaji wengine saba, wote wana lisanse, shahada ya chuo kikuu kama yangu.

Nilishuka kijitoni nikajaribu. Nilisema ni karatasi tu ya ofisi, haitoki nje. Visu viliendelea, maneno yakakatika. Mama yule aliyecheka maganda yangu ndiye aliyejibu. Miaka ya nyuma, alisema, walikuja watu wazuri kuandika majina ya kugawa maharage na hema. Maharage yalifika. Baada ya mwezi orodha ileile ilikuwa mikononi mwa wenye bunduki, wanaita watu jina kwa jina waende kubeba mizigo. Baadhi yao hawakurudi. "Majina yetu inakula watu," alisema, akageukia muhogo wake. Siku hiyo hapakuwa na mama mmoja wala mwanaume mmoja. Waliongea juu ya mvua.

Ningeweza kuishia hapo, na ningekuwa mtu mwema kwa gharama ndogo. Badala yake Jumatano mchana nilimwomba mkunga daftari lake la uzazi na chanjo, nikisema nataka kuangalia umri wa watoto. Alinipa bila kuuliza. Mle kulikuwa na kila mama wa kijiji, mumewe, umri wake, na kitongoji chake. Nilijifungia chumbani, nikalinganisha, nikanakili. Majina kumi ukurasa wa kwanza, kumi ukurasa wa pili. Yule mwanaume alikuwa wa kumi na saba. Kwenye safu ya shida niliandika kwa Kifaransa kizuri kwamba ni mpiganaji aliyetoroka kikosi chake, nikaongeza sentensi moja juu ya sahani, kwa sababu ilikuwa sentensi nzuri. Palipotakiwa dole gumba niliweka langu, mara ishirini, nikiligeuza kila mara ili lisifanane. Nilipomaliza niliosha mkono nikajiona mtu wa Burungu tayari.

Alhamisi, saa tatu asubuhi, wakashuka kutoka msituni watu saba wenye bunduki.

Hawakupiga risasi, hawakupiga kelele. Walitembea katikati ya barabara kama wakaguzi wa shule. Shingoni na mikononi walikuwa na hirizi, na nywele zao zilikuwa bado zina maji ya dawa yao. Walisimama kituoni, wakachukua vidonge kwa muuguzi, kisha kiongozi wao akaona neno jekundu. Alilisoma kwa sauti, silabi kwa silabi. Akaingia na wawili. Akakaa kwenye kiti cha wagonjwa. Alikuwa mtu wa kwanza kukikalia tangu nifike.

"Weye njo unatibu wazimu?" aliuliza.

Nilisema najaribu.

"Anza na hawa," alisema, akiwaonyesha wenzake kwa kidevu. Wakacheka. Akasema hawakuja kwa ubaya, wanatafuta watu wao wawili watatu waliopotea njia. Wakati akisema hayo mkono wake ulikuwa mezani, na mezani palikuwa na daftari langu, limefunguka kwenye ukurasa wa kwanza, kama nilivyoliacha nikiyasoma majina upya.

Nilijua kila kitu kinachotokea katika mwili wangu. Ningeweza kukitaja kwa mpangilio, kuanzia tezi hadi viganja, kama siku ya mtihani. Haikunisaidia hata kidogo. Nilitazama daftari, na mtu anayetafuta watu akimwona mwingine anatazama kitu, hukitazama pia.

Akalivuta kwake. Hakuwa msomaji wa haraka. Aliweka kidole chini ya jina la kwanza akalisoma kwa sauti, kisha akaniuliza huyu analia nini. Nilisema hapati usingizi. Akasema hata yeye hapati, mbona hayumo. Wenzake wakacheka tena. Jina la pili. La tatu. Nilikuwa nikihesabu naye kimoyomoyo, na kila jina lilipopita nilifurahi, halafu nikaona aibu ya kufurahi, maana na hilo lilikuwa la mtu. La saba alilikosea, akalirudia. La kumi. Akalowesha kidole kwa mate, akafungua ukurasa.

Kumi na moja. Nje, mmoja wao alikuwa anaimba polepole. Kumi na mbili. Nilitafuta swali la kumuuliza, swali lolote kati ya yote niliyofundishwa ya kumtoa mtu kwenye jambo moja kwenda jingine. Kumi na tatu. Aliuliza kama hawa wote ni wazimu kweli, au wengine wanasingizia wapate hema. Nikasema wengine wanasingizia. Nilikuwa tayari kuwaita wote waongo. Kumi na nne.

Mlango wa nyuma, ule unaokwenda chumba cha kuzalia, ukasukumwa. Mkunga alisimama pale. Mikono yake ilikuwa na damu hadi kwenye viwiko, na aliiinua mbele yake kama anayebeba beseni.

"Mutoto iko anakuja," alisema. "Damu iko mingi, itapita hapa. Mwenye kubaki abaki, nitamupa kitambaa ashike."

Watu hawa wana dawa inayogeuza risasi kuwa maji, na dawa hiyo ina miiko, na mwiko mkubwa kuliko yote ni damu ya uzazi. Ikikugusa, hata kivuli chake, umekuwa mtu wa kawaida. Kila mtoto wa Walikale analijua hilo. Mimi pia nililijua. Nilikuwa nimeliandikia hata kazi ya shule. Halikunijia.

Kiongozi aliachia daftari kama chungu cha moto. Alisimama, kiti kikaanguka. Mkunga akasogea hatua moja, mikono mbele, damu ikadondoka sakafuni. Mmoja wao hakungoja mlango, alipita dirishani, na bunduki yake ikabaki imenasa kidogo akairudia bila kutazama ndani. Nilisikia mbio zao barabarani, kisha sauti ya kiongozi akiwaagiza watafute maji yanayotiririka.

Nilikaa. Nilimuuliza mkunga nani anazaa.

"Kuku yako," alisema. "Kesho kordonateri ya mradi yako anakuja, ulifikiri atakula nini?"

Tulicheka, mimi kwa nguvu kuliko ilivyofaa. Alikuwa bado anacheka alipoinama kuokota daftari kwa vidole viwili ili asilichafue. Akasoma. Niliona kicheko kinamtoka usoni polepole. Yalikuwa majina yake: wanawake wake, kwa mpangilio wake, mpaka kosa alilofanya katika kuandika jina la mama mmoja nilikuwa nimelinakili.

"Uliniambia unaangalia miaka ya watoto," alisema.

Nilikisimamisha kiti kilichoanguka.

"Askari ya msitu nilimufukuza na kuku. Weye nitakufukuza na nini?"

Alizichana kurasa zile mbili, akaenda nazo mwenyewe jikoni, akaziweka chini ya sufuria. Ziliungua haraka. Aliniambia kwamba wanawake atawaambia yeye, lakini yule wa nyumba ya mwisho nitamwambia mimi, na niende sasa.

Nilimkuta anasuka. Alikuwa amejificha kwenye migomba walipopita, na sasa alikuwa amerudi kwenye kazi yake kana kwamba asubuhi ilikuwa kama nyingine. Kwa mara ya kwanza sikushika ufito wala kamba. Nilisimama mbele yake nikasema sitazungumza juu ya mwanaume mmoja, nitazungumza juu yake na juu yangu. Nikamweleza: daftari la mkunga, majina, namba kumi na saba, kidole cha yule kiongozi.

Alisikiliza hadi mwisho.

"Alifika wapi?"

"Kumi na ine."

"Namba yangu ilikuwa chini tu pale?"

"Mistari mitatu chini."

Akaweka mgono chini. "Papa," alisema, "muntu akisoma, macho haitangulie mudomo?"

Macho hutangulia. Tulikuwa na somo zima juu ya jambo hilo, mwaka wa pili, na nilipata alama nzuri: macho ya msomaji huwa yameshafika mbele ya neno ambalo kinywa kinatamka. Kwa msomaji wa polepole hutangulia kidogo tu. Kwa kiasi gani, sikuweza kukumbuka. Nilimwambia sijui.

"Basi, hatuwezi kulala hapa," alisema. Hakusema kwa hasira. Ningependa angekasirika.

Nilisema zimebaki siku tatu tu hadi Jumapili, mjomba atavuka, labda aitwe leo. Alitikisa kichwa. Mjomba alikuwa amekwenda kutafuta majani ya kazi hiyo, siku mbili kwa miguu, na bila yeye hakuna mwingine. Akamwita mkewe. Hawakuwa na mengi. Kabla jua halijafika juu ya miti ya magharibi walikuwa wameshafunga mlango kwa kamba ya mgono. Mwanamke alitangulia na kikapu mgongoni, ndani yake sufuria na samaki wa chumvi wa Jumapili. Watoto walimfuata. Yeye alikuja nyuma kabisa, hatua kama kumi, na sahani yake ya bati alikuwa ameifunga kiunoni. Yule mdogo aligeuka mara kadhaa kumtazama. Nilisimama pale hadi walipofika njia panda, nikaona wameshika ipi.

Ijumaa mratibu alifika na gari, viatu safi. Aliketi mezani pangu akafungua daftari. Usiku wa kuamkia siku ile nilikuwa nimeandika upya mistari ishirini: mama mmoja, mama mmoja, babu mmoja, mama mmoja, na kwenye mstari wa kumi na saba, mwanaume mmoja. Alisoma yote kwa uvumilivu. Aliniambia kazi inaonekana imefanyika, hilo halipingi, lakini hiki hawezi kukipeleka popote. Akashusha sauti. Kule Burungu, alisema, watu wapya wamefika wiki hii, wengi, na anahitaji mtu mwenye uzoefu, anayejua mahali. Nimpe hata majina kumi.

Nilisema sina.

"Huyu wa kumi na saba, Papa. Uliniambia ni kesi nzuri. Jina lake tu, na kama amehama niambie alielekea wapi, wenzetu wa kule watamufuatilia."

Huenda wangemfuatilia kweli. Huenda kungekuwa na mwenzangu kule, na jiwe la kukalia, na mjomba mwingine. Nilifikiria hilo kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Nilifikiria pia redio ya mama yangu.

"Sijui jina lake," nilisema. "Na sijui alielekea wapi."

Alinitazama. Nadhani alijua, na nadhani alinionea huruma, jambo ambalo ndiyo kazi tuliyosomea sote wawili. Akaandika kwenye safu ya mwisho maneno wanayotumia kwa mgonjwa aliyepotea machoni. Kisha akageuza ukurasa, akapiga mstari, akaandika kwamba kituo cha Kibua kimefungwa leo, akanisogezea kalamu. Palitakiwa jina kamili la mhusika na saini. Niliandika langu lote, la baba na la ubatizo, kwa herufi zinazosomeka vizuri. Daftari lile halikuwa na jina jingine.